Vifuniko vya Siborio

Habari kwamba vifuniko vimepatikana ilifika mtaa wa Chanji, Sumbawanga, Jumanne asubuhi kupitia simu ya Scola, na kufikia Jumatano mchana nusu ya mtaa ilikuwa nayo, maana Scola si mtu wa kukaa na neno tumboni. Alimsomea shangazi yake ule ujumbe mara tatu, taratibu, akirudia majina. Kuna dada anaitwa Angela, Mtanzania, anafanya kazi na nyumba moja kubwa ya ushonaji huko Italia. Kwenye ghala la nyumba hiyo amekuta kazi za mikono za chumba cha lesi cha misheni, za miaka ya sitini na sabini. Anamtafuta Bibi Fransiska. Anakuja Ijumaa.

"Ghala la nini?" Fransiska akauliza.

"La kuhifadhi vitu vya zamani, shangazi. Kama makumbusho."

"Basi litakuwa la kanisa," akasema Fransiska, na kwake jambo hilo likaishia hapo.

Alikuwa na miaka sabini na miwili. Hakuolewa, hakuzaa, na hakujuta, au ndivyo alivyojibu kila alipoulizwa, na kwa Wafipa mwanamke wa namna hiyo huulizwa mpaka achoke. Alisema mikono yake ilishatolewa kwa Mungu. Tangu akiwa na miaka kumi na minne hadi karibu thelathini aliketi kwenye chumba cha lesi, akishona vifuniko vya siborio na kalisi, vile vyombo vya hostia na divai ya misa, na vifuniko hivyo vilikwenda Italia kufunika Mwili na Damu ya Bwana. Parokia nzima ililijua hilo. Benchi la mbele upande wa kushoto lilikuwa lake, hata Jumapili ya Pasaka watu walipokaa mpaka nje. Watoto wa komunyo ya kwanza walipelekwa kwake kila mwaka kuonyeshwa ile mikono, nao wakaiangalia kwa adabu, wakijiuliza kuna nini cha kuangalia.

Kitu kimoja tu hakukijua: altare ipi. Alikuwa amekiomba kwa Mungu tangu Sista Ortensia, msimamizi wa chumba kile, aliporudi kwao Italia na chumba kikafungwa. Hakukiomba peke yake. Wasichana wa chumba kile walikuwa kumi na mmoja, na waliobaki hai walikuwa wawili, yeye na Monika wa Mpui, ambaye sasa miguu imemwisha na hatoki kitandani bila kushikwa. Kila mtu aliyetoka Mpui alikuja na salamu zilezile: Monika anauliza kama umeshasikia ni altare gani. Fransiska alishajiapiza kwamba siku atakayojua, siku hiyohiyo au kesho yake atapanda gari kwenda kumwambia mwenzake, ili wafe wakijua.

Sasa lazima niseme jambo ambalo lina ladha mbaya, na ni afadhali tulimeze mapema. Hakuna aliyewaambia wasichana wale kwamba vile vilikuwa vifuniko vya siborio. Sista Ortensia hakusema hivyo hata siku moja. Alikuja darasani, akawaangalia watoto vidole kama mtu anayechagua mbegu, akawateua, akawapa sindano nyembamba na uzi wa hariri, akawafundisha lesi. Vipande alivyowapa wavishone vilikuwa vidogo, vya mviringo, vimebonyea kama nusu ya kibuyu, na kila mara vilikuwa viwili viwili. Wasichana walipouliza ni vya nini, Sista alijibu kwamba ni kazi nzuri, na kwamba kazi nzuri humpendeza Mungu.

Mengine walijaza wenyewe. Walikuwa watoto wa wakulima wa mahindi na ulezi. Mama zao walijifunga kanga kifuani na mambo yakaisha. Kitambaa cheupe chenye lesi walikuwa wamekiona mahali pamoja tu duniani, napo ni altareni. Kwa hiyo kitu kidogo, cheupe, cha mviringo, chenye lesi, wangekiita nini kingine? Monika ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema viko viwili kwa sababu kimoja ni cha siborio na kingine cha kalisi. Wote wakakubali, na tangu hapo hawakuuliza tena.

Kisha wakajitungia sheria. Sheria za Sista zilikuwa za mikono tu: usishike jembe, usitwange, usikaribie jiko, jipake mafuta ya nyonyo kabla ya kulala ili ngozi isikwaruze hariri. Mama zao walinung'unika sana, kwa sababu binti asiyelima ni mzigo, lakini misheni ni misheni. Sheria za wasichana zilikwenda mbali zaidi. Kila mstari wa lesi ulikuwa na Salamu Maria yake. Siku ya kumaliza kipande hakuna aliyekula mpaka adhuhuri. Msichana aliyekuwa katika siku zake hakugusa fremu, alikaa mlangoni akizungusha uzi mpaka zipite. Sista aliona siku moja wasichana wanne wamekaa mlangoni, akauliza sababu. Alipoambiwa, uso ukamwiva. Wiki iliyofuata aliongeza wasichana wawili, ili fremu zisikae bila mtu.

Fremu hizo zilitengenezwa na Loth, kijana fundi seremala wa jirani na misheni, mrefu, mwenye mabega mapana na maneno machache. Mwaka wa sabini na tatu Loth alileta posa kwa baba yake Fransiska. Fransiska aliomba wiki moja ya kufikiri, na kwa wiki hiyo hakupata usingizi, kwa sababu alimpenda. Hilo alilijua yeye, Mungu na Monika. Alimwambia Monika nyuma ya chumba, wakianika vitambaa, kwamba kama si altare angekwenda kwa Loth leo hii. Monika alimshika mikono na kumwambia kwamba kazi ya namna ile haiachwi katikati, na kwamba wanaume wako wengi. Fransiska akarudisha posa. Mwaka uliofuata, wakati watu wanahamishiwa vijijini, Monika aliaga chumbani kwa sababu ya macho, akaolewa na Loth, wakahamia Mpui.

Fransiska alilia siku mbili, akaungama, akasamehe. Alijipa moyo kwamba Monika kapata mume na yeye kabaki na altare, na kwamba aliyepata fungu bora ni yeye. Hesabu hiyo ndiyo iliyomwezesha kubaki rafiki wa Monika miaka hamsini, kuwa msimamizi wa ubatizo wa mtoto wake wa kwanza, na kusimama kaburini siku Loth anazikwa bila mtu kumwona machozi.

Ijumaa ikafika, na upepo wa Julai wa kukausha midomo. Getruda, mwenyekiti wa jumuiya, hakutaka jambo kubwa kama hilo lipite kimyakimya, akaleta akina mama wanane na vitenge vyao vya parokia. Scola alipika maandazi na chai ya maziwa. Mpango ulikuwa hivi: mgeni ataeleza ni altare gani, wataimba, watasali rozari, na Jumapili Getruda atalisoma jina la kanisa hilo kwenye matangazo. Fransiska alivaa gauni lake la bluu la sikukuu, akaketi kwenye kochi na mikono mapajani.

Angela alikuwa na miaka thelathini na kitu, mwembamba, amevaa koti zito kama mtu wa Dar aliyeonywa kuhusu baridi ya Sumbawanga. Alipiga goti dogo kwa Fransiska.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Pole na safari."

"Asante bibi. Nimefurahi kukuona. Nimekutafuta karibu mwaka mzima."

Alishangaa kidogo kuona watu wengi, akashangaa zaidi Getruda alipofungua kwa sala, lakini alikuwa na adabu, akainamisha kichwa. Sala ilipokwisha alivaa glovu nyeupe, akatoa kwenye begi boksi jembamba, akaliweka mezani kati ya vikombe. Alisema ameazimwa kitu kimoja tu kutoka ghalani, na kwamba amekichagua hiki kwa sababu ndicho kizuri kuliko vyote. Akafunua karatasi laini.

Fransiska alikitambua kabla hakijanyanyuliwa. Ilikuwa kazi ya miezi mitatu na nusu, ya mwaka wa sabini na moja, yenye masuke ya ulezi yaliyosokotwa kuzunguka ukingo, na masuke hayo hakufundishwa na mtu, aliyabuni mwenyewe kwa kuangalia shamba la baba yake. Alikuwa amefunga siku tisa kwa ajili yake. Akanyoosha mkono.

Kisha Angela akakinyanyua. Vifuniko vyote viwili vilikuwa vimeshonwa pamoja kwa utepe. Juu vilikuwa na kamba mbili za kupita mabegani. Nyuma palikuwa na kulabu tatu ndogo za dhahabu.

Getruda ndiye aliyesema, polepole, kama mtu asiyependa kusikia sauti yake mwenyewe. "Samahani mgeni. Hiyo si sidiria?"

"Ndiyo mama," akasema Angela, akitabasamu. "Sidiria hasa ndizo zilizoipa ile nyumba ya ushonaji jina."

Mmoja wa akina mama waliokaa karibu na mlango alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Angela akatazama nyuso moja baada ya nyingine, na tabasamu likaanza kumtoka.

"Endelea," akasema Fransiska. "Eleza yote."

Angela akaeleza, mwanzoni kwa ufasaha wa mtu aliyeandaa maneno, halafu kwa kujikwaa. Nyumba hiyo inaitwa Vedrani. Ilianzishwa baada ya vita kuu na mwanamke aitwaye Lidia Vedrani, aliyekuwa akishona nguo za ndani za matajiri kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la mkate. Alikuwa na kipaji na alikuwa na ulimi mtamu, akapata wateja, akapata kiwanda. Alitaka kila kitu kishonwe kwa mkono, maana matajiri wanalipia mkono wa mtu. Lakini wasichana wa kwao walianza kukataa. Kulikuwa na viwanda vya magari na vya friji, nani angekaa kuharibu macho kwa lesi? Ndipo Lidia akamwandikia dada yake mtawa, aliyekuwa Afrika, kumwuliza kama huko kuna wasichana wavumilivu.

"Sista Ortensia," akasema Fransiska.

"Ndiyo bibi. Ni dada yake wa tumbo moja."

Kwa miaka kumi na mitano, Angela aliendelea, sifa ya Vedrani yote ilisimama juu ya lesi ya Ufipa, ingawa kwenye matangazo waliandika kwamba inashonwa na watawa wa milimani, kaskazini mwa Italia. Malkia walivaa. Waigizaji wa sinema walivaa. Hii iliyopo mezani ilishonwa kwa ajili ya mwigizaji mmoja maarufu, aivae kwenye filamu.

"Akaivaa?"

Angela alisita. "Aliivaa siku moja, bibi. Lakini kile kipande cha filamu kilikatwa. Hakikuonyeshwa."

Fransiska alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyetajiwa bei. Siku tisa za kufunga. Salamu Maria ambazo hata hakuweza kuzihesabu. Kwa mwanamke mmoja, siku moja, na hata yeye hakuonekana.

Angela alimalizia haraka. Bibi Lidia alikufa, watoto wakagombana, jina likauzwa, likauzwa tena, kiwanda kikafungwa, na washonaji wa Kiitaliano nao wakafukuzwa bila asante. Sasa kampuni iliyonunua jina inataka kuandika kitabu cha historia, kwa sababu siku hizi wateja wanapenda kujua kitu kimetoka wapi. Yeye ndiye aliyegundua mambo ya Sumbawanga kwenye barua. Alipambana nao mpaka wakakubali jina la Fransiska liingie, na ukurasa mzima wa picha ya mikono yake.

"Barua za nani?"

"Za Sista, bibi, kwa mdogo wake."

"Alisema nini kuhusu sisi?"

Angela aliangalia begi lake, na Fransiska akaona kwamba binti yule ameshaelewa. Mpaka dakika zile hakuwa ameelewa. Alidhani ameleta heshima, kumbe amebeba msiba.

"Bibi, labda tuzungumze tukiwa wawili."

"Hawa wote walikuja kusikia. Soma."

Angela akasoma, akitafsiri huku anatazama chini. Ilikuwa barua ya mwaka wa sitini na nane. Sista alieleza hali ya hewa, akaomba sindano zaidi, kisha akaandika: *Wasichana wanaamini vitu hivi ni vya altare. Sikuwaambia hivyo, wamejiaminisha wenyewe. Sijawasahihisha. Nimeona wanashona vizuri zaidi wakiamini.*

Alipomaliza, Getruda alisimama akajifunga kitenge upya. Alisema watamwombea mama yao, na kwamba Mungu huangalia nia. Akina mama wakatoka mmoja mmoja, wengine wakiwa wamebakiza chai vikombeni, na kabla hawajafika barabarani sauti zao zilishaanza kupanda. Fransiska alizisikia. Alijua kwamba Jumapili benchi la mbele litakuwa wazi kwa ajili yake kama kawaida, na kwamba hakuna atakayemwambia neno, na kwamba kila atakapopiga magoti watu watakuwa wakifikiria vifua. Miaka yote hiyo walikuwa wamemvisha kilemba cha ukoka, naye akatembea nacho akidhani ni taji.

Alikuwa na hasira. Hasira yenyewe haikuwa juu ya sidiria. Wanawake wana maziwa na maziwa yanahitaji kushikiliwa, hakuna dhambi hapo. Alimkasirikia mtu aliyekaa chumbani humo miaka kumi na mitano, akasikia Salamu Maria kila mstari, akaona wasichana wanashinda njaa, akaona posa zinarudishwa, akaandika kwenye barua kwamba inasaidia kazi.

Angela alikuwa analia kimyakimya. Aliuliza kama wafute ile barua kwenye kitabu.

"Usifute," akasema Fransiska. "Ila nisikilize. Kuna mwenzangu Mpui anaitwa Monika. Najua umeliona jina lake kwenye hizo karatasi. Usiende kwake. Usimpigie. Yeye yuko kitandani, anangoja altare. Akisikia haya atakufa vibaya."

"Siendi bibi. Naahidi."

"Nitakwenda mwenyewe."

Jumamosi asubuhi Scola alimpandisha gari la Laela, linalopita Mpui, akamlipia kiti cha mbele. Fransiska alitazama mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamelala, ng'ombe wa Wasukuma wakiokoteza, na njia nzima alikuwa akitunga uongo. Hakuwa na uzoefu. Aliamua kwamba kanisa liwe dogo, kwa sababu kubwa mno lingetia shaka. Liwe mlimani. Liwe la Bikira Maria. Padre wake awe mzee, na awe anakunja vifuniko mwenyewe kila baada ya misa kwa sababu hamwamini mtu. Alipofika hapo kwenye padre mzee, alimwona kabisa. Alijua anachokifanya ni kilekile alichofanya Sista. Alijiambia kwamba yeye anafanya kwa upendo, na hata hilo halikumpa nafuu.

Fortunata, mtoto wa kwanza wa Monika, alimpokea uani. "Shikamoo mama mkubwa. Mama amekaa tangu asubuhi, kama vile alijua."

Monika alikuwa ameegemezwa mito, blanketi mabegani. Mwili ulikuwa umepungua mpaka umebaki kidogo sana, lakini macho yalikuwa na uhai. Walisalimiana kwa kushikana mikono muda mrefu. Fortunata akaenda jikoni.

"Nimeijua altare," akasema Fransiska.

Fransiska akamweleza. Alimweleza kanisa dogo mlimani, na jina la Bikira, na padre mzee anayekunja mwenyewe. Akaongeza hata lile la siborio na kalisi, kwamba ni kweli, kimoja kwa kimoja, Monika alikuwa amepatia tangu mwanzo. Alisema vizuri kuliko alivyotarajia. Mwishoni hata sauti ilimtulia.

Monika alikuwa amefumba macho. Machozi yalikuwa yakimshuka mashavuni, naye hakuyafuta.

"Nani amekwambia mambo haya?"

"Binti mmoja ametoka huko Italia."

"Hapana," akasema Monika. "Binti huyo amekwambia ukweli, na wewe umepanda gari na miguu yako hiyo uje unidanganye nisiumie." Akafungua macho. "Fransiska. Zilikuwa sidiria."

Jikoni palisikika sufuria. Fransiska alikaa na mikono yake mapajani, na kwa muda hakuelewa kilichosemwa, kwa sababu alikuwa bado kwenye lile kanisa la mlimani.

"Umejuaje?"

"Nilikuwa nafunga maboksi na Sista, unakumbuka. Boksi moja lilirudi kutoka kwao, kazi ilikuwa na doa. Walikuwa wameifunga kwa kurasa za gazeti lao la kuuzia. Nikakunjua. Kulikuwa na mwanamke wa kizungu amevaa. Sista akanikuta nalo mkononi. Aliniambia nina akili, na mtu mwenye akili anajua kunyamaza."

"Lini?"

Monika aligeuzia uso ukutani.

"Monika. Lini?"

"Sabini na mbili. Wakati wa kupanda."

Posa ya Loth ilikuja sabini na tatu, baada ya mavuno. Fransiska hakuhitaji kuhesabu.

"Nilikuuliza," akasema. "Nyuma ya chumba. Nilikuuliza wewe."

"Uliniuliza."

"Neno moja tu ulitakiwa kusema."

"Nilimtaka," akasema Monika. Hakulia sasa. "Nilimtaka tangu siku ya kwanza analeta fremu, na yeye akikuangalia wewe tu. Ningekwambia ni sidiria ungeondoka chumbani siku hiyohiyo, ungekwenda kwake. Nikafikiri, kaamini mwenyewe, sikumdanganya mimi. Nimejiambia hivyo miaka hamsini. Kila nilipokutumia salamu kuuliza kama umeijua altare, nilikuwa naomba uwe umeshajua, uje unitukane, yaishe."

"Loth alijua?"

"Nilimwambia tulipopata huyu," akasema Monika, akionyesha kwa kidevu upande wa jikoni. "Alitoka nje, akakaa kwenye karakana mpaka asubuhi. Alisema tuje tukwambie. Nikamwuliza, tukishamwambia, wewe utakaa na nani? Hakuna kilichosemwa tena."

Fransiska akamkumbuka Loth kila Pasaka, akija mpaka benchi la mbele kumsalimia akiwa ameinamisha kichwa, haangalii usoni. Alikuwa akidhani ni heshima kwa mikono iliyotolewa. Alikuwa ameifurahia heshima hiyo, mwaka hadi mwaka, ikampeleka mpaka Pasaka nyingine.

"Nisamehe," akasema Monika. "Sina siku nyingi."

Fransiska alijaribu. Alilitafuta neno hilo kwa bidii, maana alikuwa amelitumia maisha yake yote na alijua mahali linapokaa. Hakulikuta.

"Mwite padre," akasema. "Mimi ningekwambia, Monika. Ningekuwa wewe, ningekwambia." Na alijua ni kweli, na kujua huko kulimuuma kuliko yote aliyoyasikia tangu jana.

Fortunata aliingia na ugali wa ulezi na samaki aina ya migebuka, akanawisha mikono. Fransiska alikula, kwa sababu mgeni aliyetoka mbali haachi chakula cha watu, na Monika alimwangalia akila. Alipomaliza alishukuru, akasimama, akamfunika Monika blanketi vizuri miguuni kwa kuwa lilikuwa limeteleza, akatoka bila kuaga.

Fortunata alimsindikiza mpaka barabarani, amejitwika kiroba cha ulezi cha kumpelekea Scola. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana na maneno machache. Walisimama kando ya lami wakingoja gari, upepo ukiwapiga vitenge.

"Una miaka mingapi sasa, mwanangu?"

"Arobaini na tisa, mama mkubwa."

Gari lilionekana kwa mbali. Fransiska alimtazama yule mwanamke mzima, akatamani kumwambia: wewe ungekuwa wangu. Akamwambia asante kwa ulezi.